Barua Iliyokufikia Kabla Hujaruka

Mdogo wangu Deo,

Watu wa nyumbani hapa Ihanda wanakusalimu, wale waliokujua na wale waliozaliwa baadaye wakakuta jina lako tayari limeandikwa kwenye saruji. Mama yupo. Amepita miaka tisini, masikio yake yanasikia kuliko yangu, na bado anataka kujua nani amepita barabarani na anakwenda wapi. Mimi nina uzima wa kizee. Magoti yanauma, na nina miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia hiyo ya kusomea.

Nakuandikia barua ya wazi, ambayo yeyote anaweza kuisoma. Ile ya mwisho niliyokuandikia niliiandika kwa siri, na siri hiyo ni sehemu ya kosa nitakalolieleza hapa. Nivumilie. Unajua siwezi kusema jambo bila kuanzia mbali. Ulikuwa ukiniambia, "Kaka, nimekuuliza saa, wewe unanieleza jinsi saa inavyotengenezwa."

Unakumbuka baiskeli ya baba? Alitutuma kupeleka mkungu wa ndizi kwa shangazi, wewe ukiwa na miaka kumi na miwili, mimi nikiwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Ulikataa kukaa nyuma. Nikakaa mimi kwenye keria, mtu mzima na suruali yangu ya chuo, nimeukumbatia mkungu kama mtoto. Kwenye mteremko wa kushukia Nkwenda uliachia breki. Nikaanza kukueleza kwamba uzito wetu na wa ndizi ukijumlishwa, tairi la mbele haliwezi kushika kona. Ukasema bila kugeuka, "Kaka, usiniambie kitu nikiwa kwenye kona." Tulifika salama. Shangazi alihesabu ndizi zilizopondeka, nawe ukamwambia, "Kaka ndiye aliyezikalia."

Halafu unakumbuka siku ulipomweleza mama kwamba umechaguliwa kujifunza urubani. Walikuja shuleni kwenu kutafuta vijana wanaojua hesabu, wakapima vifua na macho, wakakuchukua wewe. Mama alikuwa anaosha vibuyu vya maziwa. Alifikiri rubani ni aina ya dereva wa lori.

"Na hiyo ndege inapita juu ya hapa kwetu?"

"Siku moja nitaipitisha, mama."

"Utawaona ng'ombe wetu?"

"Nitawaona."

"Utawajuaje kwamba ni wetu?"

"Kwa pembe, mama. Nani mwingine ana pembe kama za ng'ombe wetu?"

Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa mtu wa ng'ombe kuliko wa watu, lakini wiki nzima alimsimulia kila aliyefika zizini kwamba mwanawe atawahesabu ng'ombe akiwa mbinguni. Mchungaji wetu wa kanisani alimsahihisha kwamba mbinguni na angani si mahali pamoja. Baba akajibu kwamba kwa mtu aliyesimama zizini, tofauti haionekani.

Barua zako za mwanzo nilimsomea mama, nikizigeuza kwa Kinyambo mstari kwa mstari. Uliandika kwamba umeanza kuruka na mkufunzi nyuma yako, kwamba nyumba zikitazamwa kutoka juu ni kama punje za maharage zilizoanikwa, na kwamba vyakula vyote vya kambini unavimudu ila unaota senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Mama aliwakaanga, akawafunga katika jani na gazeti, nikaenda nao posta. Sikujua kama walikufika mpaka mwaka huu. Walikufika. Nimeambiwa ulimgawia mwenzako wa pwani, akala saba kabla ya kuuliza ni nini.

Vita vilipoanza, wewe ulikuwa kambini na sisi tulikuwa Nkwenda, karibu na mpaka. Hakuna aliyekuja kutuambia tuhame. Tuliisikia mizinga upande wa mtoni, tukawaona watu wanapita na magodoro kichwani, nasi tukafungasha. Mama na wadogo walitangulia. Baba alisema hawezi kuwaacha ng'ombe, na mimi sikuweza kumwacha baba, basi tukawaswaga sisi wawili, kwa miguu, kuja huku Ihanda kwa wajomba. Mvua ilitunyeshea siku mbili mfululizo. Baba alimfunika ndama mmoja kwa koti lake. Tulipofika Bweranyange kifua kilikuwa kimembana baba, anapumua kama mtu anayepanda mlima akiwa amekaa. Alifia katika nyumba ya watu wasiotujua, wakatupa nafasi ya kumzika katika shamba lao la migomba. Nilichimba na mwenye nyumba. Maneno ya mwisho ya baba yaliyoeleweka yalihusu ng'ombe mmoja aliyekuwa akichechemea.

Nilipofika Ihanda, mama alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaketi chini mwenyewe. Tulipomaliza kulia, kitu cha kwanza alichoniambia kilikuwa juu yako. "Deo asiambiwe huko aliko. Asubiriwe."

Nieleze hili kwa ajili ya vijana watakaosoma, maana siku hizi habari za msiba zinaingia kwenye simu ya mtu akiwa juu ya bodaboda. Kwetu sisi mtu aliye ugenini hakupelekewa habari ya kifo. Alisubiriwa. Akirudi alipokewa mzigo, akapewa maji, akaketishwa, akala. Watu wa nyumbani walikula pamoja naye na kuzungumza habari za mashamba. Akishiba, mzee mmoja alisogea karibu yake, na wanaume wawili wakakaa huku na huku, ndipo alipoambiwa. Wale wawili walikuwa na kazi moja tu, kumshika. Mtu aliyefiwa mwili wake haumtii, na aliye peke yake anaweza kuanguka vibaya.

Mimi nilikuwa mwalimu. Nilikuwa nimesoma, na nilidhani mambo haya ni ya watu wasiojua kuandika. Nikajiambia wewe ni mtu mzima, ni mtoto wa marehemu kama mimi, una haki ya kujua. Nikajiambia pia kwamba ukweli haugeuki kwa sababu mtu ameketi au amesimama. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini kulikuwa na jingine, nalo nalisema leo kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimebeba kifo cha baba peke yangu kutoka Bweranyange, na nilitaka mtu wa kubeba nami.

Basi niliandika kurasa nne. Unanijua. Nilieleza mvua, koti, ndama, jinsi alivyopumua, kina cha kaburi, na jinsi udongo wa Bweranyange ulivyo mwekundu. Nilimpa dereva wa lori la kahawa aliyekuwa anakwenda Bukoba, akaitumbukize posta ya huko. Mama sikumwambia.

Majuma yakapita, nawe hukujibu. Kisha likaja gari la jeshi, na askari wawili wenye adabu, na jeneza lililofungwa ambalo tulikatazwa kulifungua. Walisema ajali ya mafunzo. Mama aliwauliza, "Vitani?" Wakasema, "Hapana mama, mafunzoni." Akauliza tena, kama vile walikuwa hawajamwelewa, "Adui alikuwa wapi?" Watu wengi walipoteza vijana katika vita vile na walijua wamchukie nani. Sisi tulibaki na chuki isiyo na mahali pa kukaa.

Tulipomaliza kukuzika mama alisema neno moja la kujifariji, na amelisema miaka yote hii kwa kila mgeni aliyekaa karibu na kaburi lako: "Angalau alikwenda bila kujua. Alikwenda akidhani baba yake yupo." Nami nilikaa kimya. Posta ilikuwa imevurugika wakati ule. Nilijishawishi kwamba barua yangu ilipotea njiani, na kadiri miaka ilivyokwenda niliamini hivyo kabisa. Nilifundisha watoto wa watu, nikastaafu, nikawa mzee wa kanisa, juu ya imani hiyo kwamba barua ilipotea.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage, nilipigiwa simu na mtu asiyenijua. Alisema yuko Nkwenda kwa mkwewe, mnunuzi wa mazao, na kwamba ameuliza ukoo wetu sokoni mpaka akapewa namba yangu. Jina lake Salimu. Alikuwa darasa moja nawe kambini, kitanda chake jirani na chako. Nilipanda gari nikaenda.

Nilimkuta mbele ya nyumba ya mkwewe, amevaa kofia safi na sweta la mwenyeji wake, anaota jua.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, akainuka. "Nimekutambua kwa kipaji cha uso. Marehemu alikuwa nacho hicho hicho."

"Marahaba. Karibu kwetu. Wanakutunza?"

"Wananitunza mno. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni mkwe wangu ananiambia, baba, leo tumebadilisha. Naona wamebadilisha sufuria."

Nilicheka. Nilimpenda saa ile ile, Deo, na naelewa kwa nini ulimgawia senene. Tuliletewa chai, tukazungumza habari za afya zetu, na za jinsi ulivyokuwa ukiiga sauti ya mkufunzi wenu gizani hadi watu wanasimama kando ya vitanda. Kisha akaacha mizaha akanieleza siku yako.

Mafunzo, alisema, yalikuwa yamebanwa. Yaliyopangwa kwa mwaka yalitakiwa yaishe kwa miezi, kwa sababu vita vilihitaji marubani. Ndege zilikuwa zimechoka, wakufunzi wamechoka, na wanafunzi walikuwa watoto. Walikufa wenzenu kabla yako na walikufa baada yako, na kila walipomaliza kuzika, ratiba ya kesho yake ilikuwa imeshabandikwa. Kila asubuhi mkufunzi aliwapanga mstari akauliza maswali yale yale: nani hakulala, nani anaumwa, nani amepata habari mbaya ya nyumbani. Aliyeinua mkono aliondolewa katika orodha ya siku hiyo. Ilikuwa kanuni ya busara. Lakini aliyeondolewa mara mbili alirudishwa nyuma, na kila mmoja wenu alihofu kurudishwa nyuma kuliko alivyohofu kuanguka.

"Barua zililetwa wakati wa chai," akasema Salimu. "Deo alipata moja nene. Nikamtania, naona nyumbani wamekutumia Biblia nzima. Akasema, ni kaka yangu, huyo hawezi kuandika ukurasa mmoja. Akaenda kukaa kwenye ukuta kuisoma."

Nilimuuliza alikuwa amekula nini asubuhi ile. Sijui kwa nini niliuliza.

"Chai tu. Mkate alikuwa bado hajaugusa. Aliuacha pale ukutani. Aliporudi mstarini nilimtazama usoni nikajua kuna kitu. Mkufunzi akauliza, nani amepata habari mbaya? Deo alikuwa mbele yangu. Niliuona mkono wake ukitoka kidogo pajani, ukarudi. Akasema, niko sawa, afande."

Siku hiyo ulikuwa miongoni mwa wanaoruka peke yao. Salimu alinieleza ajali kwa kutumia sahani ya chai, naye ni mwelezaji mzuri, labda alijifunza kwako. Ndege haishikiliwi juu na injini. Inashikiliwa na upepo unaopita kwenye bawa, na upepo huo unatokana na mwendo. Rubani anayerudi kutua hupunguza mwendo, kisha hukata kona ya mwisho ili alenge uwanja. Ndiyo kona ya hatari kuliko zote, maana uko chini na uko taratibu. Ukiikata kwa ukali bawa la ndani linakosa upepo, linaanguka, na chini hakuna nafasi ya kulirudisha. Mkufunzi aliwaambia kila siku: kwenye kona ile usiwaze kitu kingine chochote. Salimu aliinamisha sahani upande mmoja, chai iliyobaki ikamwagika mezani. Hakuipangusa, wala mimi sikuipangusa.

"Kwa hiyo ni barua yangu," nikasema.

Aliirudisha sahani chini ya kikombe. "Mwalimu, wapo walioanguka kona ile ile wakiwa hawajapata barua ya mtu. Siwezi kukuambia ni barua. Nami nimekuja na uzee wangu huu, siwezi kukudanganya kwamba siyo." Kisha akasema na lake. Aliujua uso wako, alikuwa nyuma yako mstarini, angeweza kuinua mkono wake mwenyewe akasema Deo hayuko sawa. Alinyamaza ili usirudishwe nyuma. Alisafiri kutoka Pangani kumwona binti yake, ndiyo, lakini alisafiri pia kulitua hilo.

Nilimwambia hana kosa. Ilikuwa rahisi kumwambia. Akashukuru, akafuta macho kwa ncha ya sweta, kisha akasema Jumamosi atakuja Ihanda kumsalimu mama na kumwambia yote, maana mama wa marehemu anastahili kujua.

Hapo ndipo nilipobanwa. Ningeweza kumwomba Salimu asiitaje barua, naye angekubali. Nililiwaza njia nzima ya kurudi. Mama hana vingi vilivyobaki. Meno yameisha, marafiki wameisha, na neno lile la kwamba ulikwenda bila kujua amelishika miaka zaidi ya arobaini. Kumnyang'anya sasa ni ukatili. Lakini kumwacha nalo kungekuwa kumficha kwa mara ya pili, na safari hii nisingekuwa na posta ya kusingizia.

Nilimwambia Ijumaa asubuhi. Nilisubiri amalize uji wake. Nikamwita binti yangu akae upande mmoja, nami nikakaa upande wa pili. Alitutazama wote wawili akaelewa kabla sijafungua kinywa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni habari ya Deo. Alijua."

"Alijua nini?"

"Kwamba baba amefariki. Nilimwandikia."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, mama."

"Aliisoma akiwa na nani?"

"Peke yake."

"Alikuwa amekula?"

"Chai tu."

"Chai tu," akasema. Mkono wake ukapapasa ukingo wa kiti. Binti yangu akamshika kwapani, mama akauondoa mkono huo polepole. "Niache mimi, niko kwenye kiti. Deo ndiye aliyetaka kushikwa. Watu humshika mtu kwa mikono. Huyu kaka yake alimshika kwa karatasi."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, Deo, na kuinuka kulinishinda, binti yangu akanisaidia.

"Mimi hukunikosea kitu kikubwa," mama akasema. "Muombe yeye. Si wewe ndiye unayejua kuandika."

Salimu alikuja Jumamosi. Mama alimshika mkono tangu aingie hadi atoke, akamwita mwanangu, akamwekea senene waliobaki kwenye chungu. Alikula saba kwa makusudi, akiwahesabu kwa sauti, na mama akacheka. Alimuuliza kama ulikuwa ukilala vizuri huko, kama ulikuwa ukienda kanisani, kama ulikuwa ukinitaja mimi kaka yako. Salimu akasema ulinitaja kila siku. Mama hakunitazama. Tangu hapo uji anaupokea kutoka kwa binti yangu, na akiwa na jambo nami analipitishia kwake. Na wageni wakikaa karibu na kaburi lako siku hizi, anawaambia jina lako na ulikozaliwa, basi. Jambo moja tu huniuliza mwenyewe, kila nikipita: "Umemwandikia?"

Ndiyo nakuandikia. Sitakwambia nilikuwa kijana, wala kwamba nilikuwa na nia njema, ingawa vyote viwili ni kweli. Nilijua ulivyo mbali. Nilijua huna mtu wa kukaa upande wa kulia wala wa kushoto. Nilitaka kutua mzigo wangu nikautua juu yako, nawe ukapanda nao. Kama ulianguka kwa ajili yake au kwa ajili ya ndege iliyochoka, hakuna anayejua, nami nitakufa bila kujua. Lakini asubuhi yako ya mwisho niliiharibu mimi, na hilo halina shaka. Nisamehe, mdogo wangu, kwa asubuhi ile.

Barua hii nitaikunja sasa. Kesho, akishamaliza uji, nitamsomea mama mstari kwa mstari kwa Kinyambo, kama nilivyomsomea zako. Atasikiliza mpaka mwisho. Ninavyomjua, ataniuliza umejibu nini, nami itabidi nimwambie bado. Mimi naweza kukusubiri, Deo. Mama ndiye hana muda.

Nakuaga kwa leo,

Kaka yako mkubwa